Siku Lusajo Alipompakia Mama Mkwe Ndegeni

Mmoja wenu alinipigia simu wiki iliyopita, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza kama leseni yake ya urubani bado iko hai, maana hajaruka tangu mvua zianze. Nikamwambia leseni iko hai kabisa, haina hata mafua. Wewe je? Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, na katika kule kunyamaza nikajua anahitaji kusimuliwa habari za Lusajo. Na kwa kuwa mko wengi mnaonyamaza namna hiyo, nawasimulia wote kwa mpigo. Nimestaafu, muda ninao. Lusajo mwenyewe amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba niseme siku hizi amepungua tumbo. Nimesema.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mzaliwa wa Igowole, kule Mufindi, ambako tukiwa watoto tuliamini kwamba ukungu unatengenezwa kwenye mashamba ya chai na kusafirishwa nchi nzima. Nimerusha ndege ndogo miaka mingi. Kwanza nilikuwa napeleka wauguzi na dawa kwenye viwanja vya nyasi huko vijijini, baadaye nikawa nafundisha na kuwapima watu wenye leseni binafsi, yaani wale wanaoruka kwa furaha yao na si kwa mshahara. Hao ndio wanafunzi wagumu. Rubani wa mshahara anaruka hata asipotaka. Rubani binafsi anaruka akipata nafasi, na nafasi ina maadui wengi: biashara, harusi, misiba, mvua, mafuta ya ndege, na mke anayeuliza kwa nini usiende na basi kama watu wengine.

Lusajo ni Mnyakyusa wa Mbeya, mfanyabiashara wa mpunga. Ananunua Mbarali, anakoboa, anauza hadi Dodoma. Alikuwa na ndege ya viti vinne kwa ubia na rafiki zake wawili, na waliihifadhi Iringa, kwenye uwanja wa Nduli, kwa sababu fundi wao yuko huko. Mwaka wake wa kwanza alitafuta kila kisingizio cha kuruka. Akisikia viazi vya Makambako vimeiva, anataka kwenda kuviangalia kutoka juu. Halafu biashara ikakua, mashine ya kukoboa ikawa mbili, na Lusajo akawa rubani wa kwenye picha. Picha zile mmeziona, amevaa miwani myeusi, mkono uko kwenye bawa, na injini imezimwa.

Basi mwishoni mwa masika akanijia Nduli. Nilikuwa bado napokea watu wachache wachache, kabla sijatundika miwani yangu kabisa. Akashuka kwenye gari na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

"Mama Kapteni, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeruka lini mara ya mwisho?"

"Juzi juzi tu hapa."

"Juzi ya mwaka gani?"

Akavua miwani. Nikamsamehe, kwa sababu mtu akivua miwani ameshaanza kusema kweli. Akanieleza shida yake. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara Jumapili kule Mbeya, na mama mkwe wake, mkulima wa nje kidogo ya mji wa Iringa, alitakiwa awepo. Lusajo alikuwa ameshamwahidi kumpeleka kwa ndege Jumamosi. Si hilo tu. Mama huyo hakuwahi kumkubali sana. Siku ya posa aliuliza mbele ya wazee kama mwanamume anayelipa pesa ili aning'inie hewani ana akili timamu, na wazee wa Kinyakyusa waliokuja na Lusajo wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu nao walikuwa wanajiuliza hivyo hivyo.

"Kwa hiyo Jumamosi nataka aone," akasema.

"Aone nini?"

"Kwamba mkwe wake ni rubani."

"Na leo ni Alhamisi," nikamwambia. "Tuanze na mimi nione."

Mnajua sheria, au mnajifanya hamjui: usipakie abiria kama hujapaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku tisini zilizopita. Watu wanaichukulia sheria hiyo kama kizingiti cha mlango, ukikivuka umeingia. Mimi nimewapima watu waliokivuka kizingiti wakaangukia ndani.

Tukaikagua ndege. Hapo alifanya vizuri, nampa haki yake. Alimulika kwa tochi kila tundu, maana ndege ikikaa bila kuruka nyigu wa udongo hujenga nyumba kwenye bomba la kupimia mwendo, na wao hawana habari na leseni ya mtu. Alimwaga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo akatazama kama kuna maji. Nikaanza kuwa na matumaini.

Matumaini yakaisha tulipotua mara ya kwanza. Ndege ilidunda, ikadunda tena, ikatafuta mahali pengine pa kudunda. Mara ya pili alisahau kuteremsha flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoibeba ndege ikienda polepole, tukaja kwa kasi kama tumeiba kitu. Mara ya tatu nikamwambia tukiwa karibu na ardhi, "Ng'ombe uwanjani! Ghairi kutua!" Hakukuwa na ng'ombe, lilikuwa zoezi. Akasukuma nguvu ya injini yote, vizuri, kisha akapandisha flapsi zote kwa mara moja. Ndege ikashuka kama mtu aliyevutiwa kiti. Iringa iko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini ya ndege ndogo huku inahema kama mgeni wa pwani anayepanda kilima cha Gangilonga. Ukiinyang'anya flapsi zote kwa pamoja haina cha kushikilia. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, tukapanda polepole mpaka juu ya mji.

Tuliposhuka alikuwa amenuna.

"Mama, kwenye simu natua vizuri kabisa. Kuna programu, nafanya mazoezi kila jioni."

"Basi mama mkwe mpakie kwenye simu."

Akataka kukasirika, akashindwa, akacheka. Namshukuru Mungu kwa watu wanaoshindwa kukasirika, wanafundishika.

Sikumwambia aache simu. Nilimwambia aitumie kukumbuka utaratibu, lakini mkono na mguu havijifunzi kwenye kioo. Kisha nikamkalisha ndani ya ndege iliyosimama, injini imezimwa, nikamfunga macho kwa kitenge changu, nikaanza kumwita vitu. Joto la kabureta! Flapsi! Swichi ya pampu! Kila nilichotaja aguse. Mwanzoni alikuwa anapapasa kama anatafuta chumvi kwenye jiko la jirani. Watu waliokuwa pale uwanjani walikusanyika, mmoja akauliza kama ni maombi.

Zoezi hilo nilirithi kwa Mzee Kilasi, aliyenifundisha mimi. Alikuwa Mbena wa Njombe, mfupi, mkimya, anayevaa sweta hata mwezi wa kumi na moja. Niliporudi kazini baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nilikuja na cheti cha daktari, na leseni yangu safi, na ari ya kuonyesha kwamba uzazi haujanipunguzia kitu. Mzee Kilasi alivitazama vyeti vyote kwa heshima, akanirudishia, akasema, "Karatasi zimepona. Njoo tuone mwanamke." Akanifunga macho. Wiki nzima hakunipa abiria hata mmoja. Nilibeba magunia ya mahindi, nikapaa na kutua, nikapaa na kutua, na kila niliposhuka ananiuliza ningefanya nini kama injini ingezima pale, na pale, na pale kwenye mnazi. Nikamwambia, "Mzee, Iringa hakuna minazi." Akasema, "Vizuri, umeanza kutazama chini." Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwaka.

Basi Lusajo nikamwambia arudi Ijumaa. Akarudi bila miwani. Tulifanya kutua kwa upepo wa ubavu, tukafanya zoezi la ndege inapoishiwa mwendo na kutaka kuanguka, tukazima nguvu ya injini juu ya mashamba na kuchagua shamba la kushukia. Zaidi ya yote tukarudia kule kughairi kutua, mpaka akawa anapandisha flapsi hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Mchana nilimpa mkono nikamwambia, "Kesho nami ninakwenda kwangu Iyunga, kule Mbeya. Nitakaa nyuma na mama mkwe. Kesho mimi ni abiria."

Nikaona amefurahi na kuogopa kwa pamoja. Hapo ndipo rubani anapoanza kuwa salama.

Jumamosi asubuhi mama mkwe, Mama Upendo kama tulivyomwita, alifika Nduli na kapu la njegere, mtungi wa asali, boga, begi, na mwavuli. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Tukasalimiana kamwene, kamwene, na tukapendana papo hapo, kwa sababu wote wawili tulikuwa na mashaka na Lusajo.

Shida ikaja kwenye mizani. Ndege ndogo lazima ujue uzito wa kila kinachopanda, hasa huku milimani. Lusajo akasimama karibu na mizani, akatazama viatu vyake, akatazama mawingu. Mnaifahamu heshima ya mkwe. Alikuwa radhi kuipasua ndege kwenye mlima kuliko kumuuliza mama wa mke wake ana kilo ngapi.

Nikaingilia. "Mama, tunaomba upande hapa."

"Mimi ni gunia?"

"Hapana mama, ni rubani tu anapiga hesabu."

"Na yeye amepanda?"

"Nimepanda mama," Lusajo akasema kwa unyenyekevu, na mshale wa mizani unamjua.

Mama akapanda. Lusajo akageuka akatazama upande wa Dodoma mpaka nilipomwonyesha namba kwa vidole, mgongoni kwangu. Boga likabaki na fundi.

Tukapaa vizuri. Mama Upendo alinishika mkono mpaka mji ulipokuwa mdogo chini yetu, kisha akauachia, akaanza kutafuta shamba lake. Alipoliona akasogeza uso kwenye kioo. Halafu akasema jirani yake amesogeza mpaka.

Tukafuata barabara kuu. Mafinga ikapita, kushoto Mufindi imejifunika ukungu wake. Makambako upepo ukatutikisa kama kawaida yake.

"Hata huku juu wameweka matuta?" Mama akauliza.

Baada ya Makambako nchi inashuka na bonde la Usangu linafunguka, majaruba ya mpunga yanang'aa mpaka macho yanachoka. Lusajo akaanza kumwonyesha mama mkwe anakonunulia mpunga, shamba kwa shamba, na sauti yake ilikuwa ya mwanamume mwenye furaha. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Jicho langu lilikuwa mbele, mahali milima inapoanza kukaribiana baada ya Chimala. Asubuhi hali ya hewa ya Mbeya tuliambiwa ni nzuri, na pengine Mbeya yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini katikati palikuwa pamelaliwa na wingu, zito, la kijivu, limekaa juu ya mabega ya milima kama blanketi.

Chini ya wingu palikuwa na upenyo. Mwanga mwembamba, na barabara inaingia humo.

Lusajo naye akauona. Akashusha ndege kidogo. Injini ikaanza kupoteza nguvu taratibu, sauti ikabadilika, na kabla sijafungua mdomo mkono wake ulikuwa umeshavuta joto la kabureta. Barafu inaingia kwenye kabureta hata nchi ya joto, hewa ikiwa na unyevu. Injini ikakohoa, ikarudi. Hakutazama alikoshika.

"Mama Kapteni," akasema, "pale chini naona kama panapitika."

"Mimi ni abiria, baba. Rubani anaonaje?"

Vijana wangu, nimeruka na injini iliyozima, nimetua kwenye tope lililofika magotini, lakini sijui kama niliwahi kuogopa kama katika dakika ile nikiwa nimekaa nyuma na kapu la njegere mapajani. Nilikuwa nimechagua daraja moja barabarani. Nikasema moyoni, akilipita lile daraja bila kugeuka, nitasema, na nitasema kwa sauti ambayo mama mkwe wake hataisahau. Nilijua anachowaza, maana kila rubani amewahi kukiwaza: nimeahidi, wananisubiri, uwanja uko karibu tu hapo.

Daraja likasogea. Lusajo akatazama kulia, mahali bonde lilipokuwa wazi, akageuza ndege kwa upole, duara kubwa, mpaka jua likawa mbele yetu.

Kisha Mama Upendo akamgusa bega.

"Mkwe. Mbeya iko nyuma yetu sasa."

"Ndiyo, mama. Njia imefunikwa. Tunarudi kushuka karibu na Igawa, tutamalizia kwa gari."

"Mjukuu wangu anapata kipaimara kesho."

"Kesho atakupata ukiwa mzima, mama."

Lusajo akatoa taarifa kwenye redio kwamba amegeuza safari na anakwenda wapi, sauti imetulia. Upande wa Igawa kuna shamba la mpunga lenye uwanja wa vumbi, anafahamiana na wenyewe. Akauzunguka mara moja kuutazama, akatazama moshi wa jiko la mtu kujua upepo unatoka wapi, akateremka. Na tulipokuwa karibu kabisa, magurudumu yanatafuta ardhi, kundi la ng'ombe wa Kisangu wenye pembe ndefu likatoka kichakani likaingia uwanjani, bila haraka, kama wazee wanaokwenda kanisani.

Safari hii halikuwa zoezi. Akasukuma nguvu yote. Akashikilia pua ya ndege. Flapsi hatua moja, akasubiri. Hatua ya pili, akasubiri. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa akatutazama, na nakwambieni nilimwona kope. Tukapanda. Mama Upendo alikuwa ameanza wimbo wa tenzi kwa sauti ya chini, nami nikamsaidia kwenye kiitikio.

Tukazunguka, mchungaji akawatoa ng'ombe wake mbio, tukaja tena, tukatua. Tulidunda kidogo, mara moja tu, nami nikajifanya sikuona. Injini ikazima. Vumbi likatupita.

"Tumefika?" Mama akauliza.

"Tumefika chini, mama."

"Chini ndiko nilikokuwa nakutaka."

Pale Igawa, kando ya barabara, tulikula wali na kuku wa kienyeji, na Lusajo alikula kama mtu aliyerudishiwa tumbo lake. Alikuwa na aibu. Aliniambia kwa siri kwamba ameharibu, mama mkwe sasa atasema mbele ya ukoo mzima kwamba ndege yake haifiki. Nikamwambia ale.

Rafiki yake akaja na pikapu. Mama akakaa mbele na dereva, sisi nyuma yao kwenye kile kiti chembamba. Tulipoanza kupanda kilima cha Inyala tukaingia ndani ya wingu lile lile. Dereva akawasha taa mchana, akapunguza mwendo, malori yanatokea ghafla kama yanazaliwa. Mama Upendo akafuta kioo cha dirisha kwa kanga, akatazama nje, juu, kule ambako tungekuwa tunapita. Hakukuwa na kitu. Weupe tu.

"Mlima uko wapi?" akauliza.

"Huo hapo mama," dereva akasema, akaonyesha kwa kidole. "Pembeni yetu kabisa. Hauonekani tu."

Mama akaendelea kutazama weupe ule. Kisha, bila kugeuka, akapitisha mkono nyuma ya kiti, akaushika wa Lusajo. Aliushikilia mpaka Uyole.

Kipaimara kilikwenda vizuri. Chakula kilitosha, na hilo kwa sherehe ya Kinyakyusa ni habari ya kutangazwa. Siku mbili baadaye mimi na Lusajo tukaifuata ndege Igawa, anga safi kama imefuliwa, tukaileta Songwe, uwanja wa Mbeya. Lusajo kwa adabu alikuwa ameshamkatia mama mkwe tiketi ya basi la kurudi Iringa. Mama aliitazama tiketi ile kama mtu aliyepewa soksi moja.

"Nani amekwambia nimeogopa?"

Basi asubuhi yake tukawa wote watatu uwanjani Songwe. Ndege iko tayari, mizigo iko tayari. Lusajo akamfungulia mlango. Mama hakusogea. Alisimama na mwavuli wake.

"Kwanza zunguka peke yako," akasema. "Nikuone ukishuka."

Lusajo akanitazama.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Mimi ni abiria."

Akaenda. Tukamtazama akipaa, akizunguka upande wa Mbalizi, akirudi. Akatua, si vibaya, lakini gurudumu moja lilitangulia. Mama akatikisa kichwa. Lusajo aliposogeza ndege mpaka karibu, mama akachora duara hewani kwa ncha ya mwavuli, na Lusajo, tajiri wa mashine mbili za kukoboa, akageuza ndege akaenda tena bila kunung'unika. Safari hii aliigusisha lami polepole mno hata nikasahau kukosoa.

Mama akajifunga kanga kiunoni, akatembea mpaka kwenye ndege, akapanda mbele, kiti cha kulia, kiti changu cha miaka yote. Nikasimama chini nikiushikilia mlango, nikamsikia anamwambia:

"Sasa sikiliza, mkwe. Mwezi ujao uje Iringa kunisalimia. Na ule mwingine uje. Na mwingine. Ukikaa sana bila kuja, mimi kwenye hiki kitu sipandi tena."

"Ndiyo, mama."

Siku hizi Lusajo na wenzake wameihamishia ndege Songwe, karibu na nyumbani, na hajakosa mwezi hata mmoja. Anakwenda na mwalimu pale anapohisi mkono umelala, anakwenda peke yake anapokuwa sawa, na akifika anakalishwa, anapewa njegere. Mke wake alinipigia simu majuzi, ana wasiwasi kidogo. Anataka kujua mapenzi haya yote kwa mama yake yametoka wapi.